Nkejje na Hoja ya Muumba

Kwa sisi tuliokulia Walukuba, mtaa wa wafanyakazi wa viwanda mjini Jinja, hoja ya kwamba viumbe vinamthibitisha Muumba ilikuwa na harufu ya samaki. Wahubiri waliosimama kando ya soko waliwajua wasikilizaji wao: Wasoga, Wajaluo, Waluhya, Waganda, Walugbara, watu waliokusanywa na ajira za viwanda vilivyofuata umeme wa bwawa la Owen Falls baada ya 1954. Lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili na kitoweo chao cha pamoja kilikuwa samaki. Basi mhubiri hakuwa na haja ya kutaja nyota. Alinyoosha kidole kuelekea ziwani na kuuliza ni nani aliyemfundisha samaki kuvuta pumzi majini, na lile jicho lisilo na kope lilichongwa na fundi gani.

Tulichokipenda zaidi ni mihadhara ya ushindani, sheikhe upande huu na mchungaji upande ule, kila mmoja na msomaji wake wa aya. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, burudani zilikuwa chache na umeme wa bwawa lile lile ulikuwa ukikatika majumbani mwetu, kwa hiyo watu walijaa. Walibishana juu ya Utatu, juu ya msalaba, juu ya nguruwe, na mara nyingine mashabiki walikunjana mashati. Ila walipofika kwenye jicho, pande zote mbili zilisema jambo moja. Sheikhe alimtaja ngamia wa Sura ya Al-Ghashiya, mchungaji akaitaja Zaburi ya mtoto anayeumbwa tumboni mwa mamaye, kisha kila mmoja akahitimisha kwamba kitu kilichosukwa namna hii hakiwezi kujitokeza chenyewe. Nadhani hilo ndilo lililokuwa suluhu pekee ya kidini mjini Jinja.

Hoja yenyewe ni kongwe. Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, aliipanga kifalsafa: mambo ya dunia yanamfaa binadamu kupita kiasi cha kuwa bahati. Kasisi wa Kiingereza, William Paley, aliiandikia kitabu kizima mwaka 1802, akitumia mfano wa mtu anayeokota saa nyikani na kujua mara moja kwamba ina fundi. Kando ya soko letu hapakuwa na aliyemsoma hata mmoja wao. Watu walikuwa na samaki, na samaki aliwatosha.

Mimi nilikuwa na sababu ya ziada ya kumtazama samaki kwa makini. Mama yangu aliuza nkejje pale Masese, gati la wavuvi lisilo mbali na kwetu. Nkejje ni wale samaki wadogo wa ubapa, wenye miiba ya kuchoma vidole, ambao Wajaluo huwaita fulu na Wasukuma huwaita furu. Mama aliwatunga kwenye vijiti, akawakausha, akawauza kwa wanawake wenye watoto dhaifu, kwa kuwa nkejje mkavu aliyesagwa na kutiwa kwenye uji alikuwa ndiye uokozi wa mtoto aliyetoka kuugua surua. Waganda walimtumia hata katika mila zao za kifamilia. Hakuwa samaki wa wageni. Alikuwa samaki wa nyumbani, wa bei ya chini, na hakuna mhubiri aliyewahi kumtaja kwa jina.

Aliyenifundisha kumwona ni mjomba, kaka mkubwa wa mama. Alikuwa mhudumu katika taasisi ya utafiti wa samaki iliyoanzishwa Jinja mwaka 1947 kwa ajili ya nchi zote za Afrika Mashariki, kisha Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ikabaki mikononi mwa Uganda. Mjomba aliajiriwa akiwa kijana, siku za Humphry Greenwood, mtaalamu aliyetumia sehemu kubwa ya miaka ya 1950 hapo Jinja akiwachambua nkejje mmoja mmoja na kuwapa majina ya kisayansi. Kazi ya mjomba ilikuwa kuosha chupa, kubadilisha formalini na kubandika vibandiko. Hakusoma zaidi ya shule ya msingi. Lakini mikono yake ilikuwa imeshika nkejje wengi kuliko mikono ya maprofesa wengi.

Siku moja alichukua wawili kutoka ungo wa mama, akaniuliza wana tofauti gani. Sikuiona. Akachukua kisu, akawapasua koo, akanitolea mfupa mdogo wa pembe tatu kutoka kwa kila mmoja. Mfupa wa kwanza ulikuwa mnene, umejaa meno ya duara, mafupi, kama ya kusagia. Wa pili ulikuwa mwembamba, na meno yake yalikuwa laini kama manyoya ya brashi. "Huyu anavunja konokono," alisema. "Huyu hawezi." Nkejje, akanieleza, ana midomo miwili. Wa mbele ni wa kukamatia, na wa pili umo kooni, ndio unaotafuna.

Sijawahi kusahau ule mshangao, na nilipokuwa mwalimu wa baiolojia niliurudia kwa wanafunzi wangu, kwa sababu kadiri unavyoingia ndani mambo yanazidi. Kuna nkejje wanaokwangua mwani kwenye mawe, kuna wanaochota matope, kuna wanaowinda wenzao. Kuna wanaoishi kwa wizi: jike la nkejje huatamia mayai na vifaranga vyake mdomoni, na wezi hawa humfuata na kumnyonya watoto kutoka kinywani. Dume naye ana hila yake. Kwenye pezi lake la chini ana madoa ya rangi ya chungwa yanayofanana kabisa na mayai. Jike akishataga huyaokota mayai yake upesi. Kisha huyaona yale madoa, hudhani ni mayai yaliyosahaulika, huyasogelea kwa mdomo, na hapo ndipo hupokea mbegu za dume. Mayai yanarutubishwa ndani ya kinywa cha mama kwa msaada wa mayai ya uongo.

Mhubiri gani asingeitaka hadithi kama hiyo? Nilimpelekea mjomba hoja ya wahubiri. Nikamwambia, wanasema kila mmoja ameumbwa hivyo alivyo tangu mwanzo. Mjomba alikuwa mtu wa sala tano, hakuikosa Ijumaa. Alifikiri kidogo. "Mungu ndiye Muumba, hilo halina mjadala," alisema. "Lakini hawa nimewaosha miaka yote hii. Hawa ni ndugu. Ndugu hawaumbwi mmoja mmoja, mwanangu. Ndugu huzaliwa."

Sayansi iliyofuata ilimpa haki mjomba kuliko alivyotarajia. Katika Ziwa Viktoria, ambalo wenyeji waliliita Nalubaale, wataalamu hukadiria kulikuwa na spishi kama 500 za nkejje, nyingi zisizopatikana mahali pengine popote duniani. Mwaka 1996 watafiti waliotoboa matope ya chini ya ziwa walichapisha matokeo yaliyowashtua wenzao: ziwa lilikauka, na maji yalirudi miaka 15,000 hivi iliyopita. Wapo waliobisha kwamba huenda madimbwi yalibaki hapa na pale. Hata tukiwakubalia, muda unabaki kuwa mfupi mno kwa hesabu za uhai. Mwaka 2017 uchunguzi wa jeni ukaongeza kwamba kabila hili lote la samaki lilitokana na kuchanganyika kwa koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile ya juu. Mchanganyiko ule uliwapa wajukuu akiba kubwa ya tofauti, na ziwa jipya lenye mawe, matope, vilindi na magugu likafanya kazi ya kuchagua: anayefaa hapa akabaki hapa, anayefaa kule akabaki kule.

Hata ukuta unaotenga spishi moja na nyingine ni wa ajabu. Watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba jike humchagua dume kwa rangi, mwekundu au wa buluu, na kwamba pale maji yalipochafuka kwa udongo na uchafu wa mashamba na miji, jike hakuweza tena kuona rangi vizuri, na spishi zilizokuwa mbali zikaanza kuchanganyika tena. Kumbe kilichokuwa kimezishika mbalimbali ni macho ya jike na maji safi. Lile jicho la samaki la mhubiri lilikuwa na kazi kubwa kuliko alivyojua, ila si kazi aliyoidhani.

Nikiwa mwalimu kijana, vijitabu vya kupinga mageuko ya viumbe vilikuwa vikizunguka shuleni, vya Kikristo na vya Kiislamu, karatasi nzuri na picha za kuvutia kuliko vitabu vyetu vya serikali. Vingi viliegemea hoja iliyopewa umaarufu na Mmarekani Michael Behe mwaka 1996: kwamba kuna mitambo ndani ya viumbe ambayo ukiondoa kipande kimoja yote inakufa, kwa hiyo haikuweza kujengeka kidogo kidogo. Ni hoja ya werevu, na sipendi kuicheka. Lakini mfupa wa mjomba unaijibu. Ule mfupa wa pembe tatu wa kooni ni tao la mwisho la matamvua, lililoungana na kupata meno. Mababu wa samaki hawa walikuwa nalo kwa kazi nyingine. Koo lilipochukua mzigo wa kutafuna, taya za mbele ziliachiwa huru kujaribu maumbo mapya ya kukamatia. Wazo hilo liliandikwa na mtaalamu Karel Liem mwaka 1973. Kipande kilichoonekana hakiwezi kukosekana leo, jana hakikuwa cha lazima. Nyumba nyingi za Walukuba zilijengwa hivyo: chumba kimoja, baadaye kibanda cha kuku kikawa jiko, jiko likawa chumba cha wapangaji, na leo ukibomoa ule ukuta wa banda la kuku paa lote linaanguka.

Nkejje wenyewe hawakusubiri tumalize kubishana. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara, tunayemwita mputa, alitiwa ziwani. Geoffrey Fryer, aliyekuwa mtafiti hapo hapo Jinja, alionya mwaka 1960 kwamba mla samaki mkubwa namna ile hapaswi kuletwa. Hakusikilizwa. Nilipokuwa kidato cha kwanza ungo wa mama ulikuwa umebadilika, nkejje wachache juu, mukene, yaani dagaa, chini, na baadaye mukene watupu. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba spishi kama 200 zilitoweka. Sijasikia mhubiri aliyesimama kuziombolezea, ingawa kwa hoja yao wenyewe kila moja ilikuwa saini ya Mungu. Hilo linaniudhi mpaka leo.

Niliajiriwa Mbale katika miaka ya 1990. Mbale ni mji wa dini kuliko Jinja, au labda milima huwafanya watu waseme kwa sauti. Jabali la Wanale limesimama juu ya mji, maporomoko yake yanaonekana kutoka stendi mvua zikinyesha. Chini yake kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa mwaka 1988, makanisa ya kila jina, na juu ya kilima cha Nabugoye kuna sinagogi la Abayudaya, Wayahudi weusi wa Uganda. Asubuhi ya mapumziko unaweza kusikia adhana, kengele na spika za walokole kabla hujamaliza chai.

Historia ya hao Abayudaya ina somo linalogusa hoja yetu. Semei Kakungulu, jenerali wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki kisha akaona wamemnyima ufalme alioutarajia, aliachana na kanisa la Kiprotestanti akajiunga na Wamalaki, dini iliyoanza mwaka 1914 chini ya Joswa Kate na Malaki Musajjakawa. Wamalaki walikuwa makumi ya maelfu. Mafundisho yao yalikuwa na mantiki kali: Mungu mmoja anaweza yote, mwili ni wake, basi kutumia dawa ni kumkosea imani. Kakungulu alisoma zaidi, akafika kwenye amri ya tohara, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, akaanzisha jumuiya yake ya Kiyahudi. Alifariki mwaka 1928. Mwaka uliofuata viongozi wa Wamalaki walihamishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni kwa sababu ya kupinga chanjo ya tauni.

Ni rahisi kuwadharau. Mimi naona walichukua kwa uzito maneno ambayo wengine huyasema kwa urembo tu. Ukishasema mwili wa binadamu ni mtambo kamili uliotoka mikononi mwa fundi asiyekosea, mkono wa daktari unaingia hapo kwa ruhusa gani? Wagisu, wenyeji wa milima hii, hawana tatizo hilo. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, ngoma za tohara ya imbalu zikianzia Mutoto, wao hutangaza hadharani kwamba mwanamume huzaliwa akiwa hajamalizika, na kazi iliyobaki ni ya watu.

Miaka ya mwanzo ya 2000 binti wa dada yangu alijifungua mtoto wa kike kijijini Busoga. Wiki ya kwanza mtoto alipata homa kali, ikapoa. Baada ya miezi michache kichwa kikaanza kukua kupita mwili, mishipa ikatokeza, macho yakawa yanaangalia chini daima, weupe ukionekana juu ya mboni. Majirani walisema mapepo. Mganga alichukua mbuzi. Nyumba moja ya maombi ilichukua pesa. Mwisho dada alinipigia simu, nikawaambia wapande basi waje Mbale, kwa kuwa hospitali ya watoto ya CURE ilikuwa imefunguliwa na nilikuwa nimesikia wanatibu vichwa vikubwa.

Kibarazani tulikaa na akina mama waliotoka Gulu, Soroti, Arua, wengine Kenya. Wengi walikuwa wamewafunika watoto vichwa kwa khanga na mashuka, desturi waliyoizoea ndani ya mabasi ili wasitazamwe. Hapo binti aliniuliza swali ambalo mihadhara ya Walukuba haikuwahi kulileta. Alisema kwa sauti ya chini, "Mjomba, tunaambiwa Mungu ndiye anayemfuma mtoto tumboni. Hili nalo alilifuma nani?"

Sikuwahi kujibu, kwa kuwa muuguzi aliyekuwa akipita aliwahi. "Hii haikutoka tumboni, mama. Ni ile homa ya wiki ya kwanza."

Alitueleza kwa maneno mepesi, na baadaye nilisoma mengine. Ndani ya ubongo kuna vyumba vyenye maji, na ndani ya vyumba hivyo kuna vishada vya mishipa vinavyoyatengeneza. Mtu mzima hutengeneza kama nusu lita kwa siku, ingawa kwa wakati mmoja kichwani na mgongoni ana mililita 150 hivi tu. Maana yake maji hutoka na kuingia bila kusimama. Hupita katika njia nyembamba sana, huuzunguka ubongo, kisha hurudi kwenye damu. Mtu anayetafuta ushahidi wa usanifu angefurahi sana hapo. Lakini ule wembamba wa njia ndio unaoua. Maambukizi ya utotoni yakiacha makovu, njia inaziba, vishada vinaendelea kutengeneza maji kama kwamba hakuna lililotokea, na ubongo unabanwa kwenye mfupa wa fuvu ambao kwa mtoto bado ni laini. Hakuna kengele ya kuvisimamisha.

Tiba iliyozoeleka duniani ilikuwa kupitisha mrija chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni. Mrija huziba, na mtoto wa mjini Boston huwahishwa kwa daktari usiku huo huo. Mtoto wa kijijini kwetu hufa. Daktari Benjamin Warf, Mmarekani aliyehamia Mbale mwaka 2000, aliliona hilo, akaunganisha njia mbili: kwa kamera ndogo iliyopitishwa utosini alitoboa sakafu ya chumba kimoja cha ubongo ili maji yapate mlango mpya, kisha akavichoma vile vishada ili vipunguze kutengeneza maji. Matokeo aliyachapisha mwaka 2005. Jaribio la watoto 100 wa Uganda, lililochapishwa 2017, lilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliofanyiwa hivyo hawakuwa nyuma ya waliowekewa mrija. Mbinu iliyobuniwa Mbale kwa sababu ya umaskini wa barabara zetu sasa inatumika Marekani.

Mjukuu wangu alifanyiwa upasuaji huo. Alichelewa kutembea, na jicho lake moja halioni vizuri. Amesoma, anasoma mpaka alama za magari barabarani kwa sauti, anachosha.

Lililonikalia akilini ni kilichogunduliwa baadaye. Wanasayansi walikuwa wameona kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Uganda wenye ugonjwa huu waliupata baada ya maambukizi, na kwamba wagonjwa hupanda na kushuka pamoja na mvua. Mwaka 2020, baada ya kuchunguza chembe za urithi katika maji ya ubongo ya watoto waliotibiwa Mbale, walimtaja mshukiwa mkubwa: bakteria aitwaye Paenibacillus thiaminolyticus. Nilisoma habari zake kama mwalimu wa baiolojia, na nilishindwa kutompenda. Ana uwezo wa kujifungia ndani ya ganda gumu na kusubiri hali nzuri. Ana vimeng'enya, ana mitambo ya kunakili jeni zake, ana kila kitu ambacho mhubiri wetu angekiita ufundi usio na mfano.

Hapa ndipo hoja ya wahubiri inapokatika, kwa maoni yangu, na haikatwi na Darwin. Inakatika kwa sababu inathibitisha kupita kiasi. Kama usukaji wa jicho ni hati ya fundi, basi usukaji wa bakteria anayedhaniwa kulififisha jicho la mjukuu wangu ni hati hiyo hiyo, kwa mwandiko ule ule. Huwezi kuchukua ukurasa mmoja na kuuficha mwingine. Au chukua selimundu, inayojulikana vizuri mno katika nyumba za Jinja. Uchunguzi wa watoto wachanga nchi nzima, uliochapishwa 2016, uliwakuta zaidi ya 13 kati ya kila 100 wana jeni moja ya selimundu, na eneo la Busoga lilikuwa miongoni mwa yaliyoongoza. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 ni kwa nini: aliye na jeni moja malaria humpata kwa uhafifu, aliye na mbili huteseka na mara nyingi hufa mapema. Herufi moja ya urithi imebadilika. Inamwokoa kaka na kumzika dada. Kwa hesabu ya uchaguzi wa asili jambo hilo linaeleweka, kwa kuwa penye mbu wengi faida ya walio na moja inalipia hasara ya walio na mbili. Ukilisoma kama uamuzi wa fundi aliyekaa mezani kupanga, sijui utamweleza nini mama yake yule dada.

Msomaji atauliza kama bado ninasali. Ninasali. Kwamba dunia ina kanuni zisizobadilika kutoka Masese hadi Wanale, kwamba akili iliyotokana na ukoo wa wanyama inaweza kuzifuata kanuni hizo hadi kwenye utosi wa mtoto, hayo kwangu yanaelekea kwa Mungu kuliko kuelekea kwingine. Siyaiti uthibitisho. Rafiki yangu mmoja, mwalimu mwenzangu, anatazama mambo yale yale na haamini chochote, na huwa namshinda kwenye bao tu. Ninachokikataa ni kumtegemeza Mungu kwenye kile tusichokielewa, maana eneo hilo linapungua kila mwaka, na sehemu yake imepunguzwa na watu waliokuwa wakiosha chupa Jinja. Ibn Rushd, ambaye hoja yake waliirithi wahubiri wetu bila kumjua, alifundisha pia kwamba kuchunguza vilivyopo ni wajibu wa dini, na kwamba ukweli haugombani na ukweli. Nusu hiyo ya pili haikufika Walukuba.

Kwa hiyo nina maneno kwa watu wawili. Mwalimu mwenzangu, usimwanzishie mwanafunzi wako kwa Darwin wala kwa kitabu cha dini. Nkejje bado wapo, wachache, na wengine wameanza kurudi. Nunua wawili wanaofanana, mpe kisu, mwache autoe ule mfupa wa kooni kwa mkono wake kabla hujasema lolote. Na wewe mhubiri, iwe wa msikitini au wa kanisani, endelea kulisifu jicho, lina haki ya kusifiwa. Ila akija kwako mama na mtoto ambaye kichwa kinakua haraka kuliko mwili, usichukue mbuzi wala sadaka. Mpe nauli ya Mbale siku hiyo hiyo, kwa sababu kila wiki ya kungoja ubongo unazidi kubanwa. Mwombee akiwa ameshapanda gari.